Volti Hazijazi Betri

Hoja yenyewe huja imevaa vizuri. Zanzibar, husemwa, ni zao la upepo. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ndiyo iliyoyarudisha na shehena za pembe na karafuu. Na mji mzima wa mawe umesimama juu ya faida ya safari hizo. Basi kisiwa kilicholishwa na upepo karne kwa karne kinashindwaje kuchaji betri moja ya volti 12? Nunua kinu kidogo cha upepo, kifunge juu ya paa la nyumba ya Shangani au Malindi, teremsha waya hadi kwenye betri, na umeme ukikatika wenzako watatafuta mishumaa wewe umekaa kwenye mwanga. Anayetia shaka huoneshwa ushahidi papo hapo: ncha za mita zinaguswa kwenye waya za kinu, mapanga yanazunguka, namba zinapanda, volti 14, volti 19, volti 26. Mita haisemi uongo. Nami nakubali kwamba haisemi uongo, ila imeulizwa swali lisilo lake. Tena nasema kwamba historia hiyo hiyo ya upepo inayotumika kuvipamba vinu hivi, ikisomwa sawasawa, ndiyo inayovikataa juu ya mapaa ya Mji Mkongwe.

Tuanze kwa kuipa hoja hii haki yake, maana haikuzuka hewani. Unguja inakunywa umeme wake kwa mrija uliolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza kutoka Bara uliwashwa mwaka 1980, na watu waliuzoea hadi wakasahau kwamba upo, mpaka ulipowakumbusha. Mei hadi Juni 2008 kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mzima. Kabla watu hawajasahau, giza likarudi Desemba 2009 na halikuondoka hadi Machi 2010: miezi mitatu ya jenereta kuunguruma vichochoroni, friji kugeuzwa makabati na pampu za maji kulala. Waya mpya wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ulianza kazi mwaka 2013 na giza la namna ile halijarudi, lakini umeme kukatika kwa saa kadhaa bado ni jambo linalojulikana. Mtu anayetaka betri iliyojaa nyumbani mwake hatamani anasa. Haja yake ni halali, na ndiyo sababu anastahili hesabu ya kweli kabla hajatoa fedha zake.

Hesabu hiyo inaanzia kwenye neno volti. Nyumba nyingi za Unguja zina tangi la maji juu ya paa, na tangi hilo linafundisha jambo lote. Urefu wa tangi kutoka ardhini ndio volti: ni nguvu ya kusukuma. Maji yanayopita kwenye bomba kwa dakika ndiyo ampia. Ukiliinua tangi futi thelathini na ndani mna kopo moja la maji, msukumo upo tele, lakini ndoo haitajaa. Vivyo hivyo, kinu ambacho waya zake hazijaunganishwa na chochote kinaweza kuonesha volti 26 katika upepo wa kawaida kwa sababu hakuna kinachotoka. Sumaku zinapita mbele ya koili bila kazi, na msukumo unapanda kadiri mapanga yanavyokwenda mbio. Unganisha betri, uitazame mita tena. Namba iliyokuwa 26 inaporomoka mpaka 12.7 au 12.8 na kukaa hapo. Betri imeivuta volti ya kinu hadi kwenye kimo chake yenyewe, na kuanzia hapo habari yote iko kwenye ampia, ambazo mita ile haikuulizwa. Betri ya risasi iliyojaa ikitulia husoma karibu volti 12.7; ili ijae, inatakiwa isukumwe hadi 14.4 hivi, ikaendelea kusukumwa kwa saa kadhaa. Kuvuka 12.7 ni kufungua mlango tu. Swali ni wangapi wanaingia.

Wangapi wanaingia? Hapo upepo una sheria yake isiyojali maombi: nguvu yake inakwenda kwa mchemraba wa kasi. Kasi ikipungua nusu, nguvu haipungui nusu, inabaki moja ya nane. Tuchukue kinu cha kawaida cha nyumbani ambacho mapanga yake yanachora duara la kipenyo cha mita 1.2, aina inayouzwa kwa jina la wati 400. Jina hilo linatokana na upepo wa kama mita 12 kwa sekunde, ambao baharini ungemfanya nahodha apunguze tanga. Katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, upepo unaotikisa majani na kupeperusha kanga kwenye kamba, hewa yote inayopita ndani ya duara lile imebeba wati 42 tu. Albert Betz alikwisha onesha mwaka 1919 kwamba hakuna kinu kinachoweza kunasa zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo, na kinu kidogo, kikishatoa hasara za mapanga, koili na dayodi, hufanya vizuri kikibakiza robo. Tunabaki na wati 10. Kwa betri ya volti 12 hizo hazifiki hata ampia moja. Betri ya ampia-saa 100 iliyotumika nusu ingehitaji zaidi ya saa 60 za upepo huo bila kukatika, mchana na usiku, ili ijae. Na inveta ya wati 1000 ikiwashwa tu, bila kuunganishwa na hata taa moja, hula kiasi kama hicho hicho. Kinu kinazunguka juu, inveta inameza chini, na pangaboi la chumbani, linalotaka wati 60 au 70, halipati kitu.

Mtetezi wa vinu atasema kwamba upepo haukai mahali pamoja: ukivuma kwa vishindo, kile kishindo kimoja cha mita 8 kinaleta mara nane ya upepo wa mita 4, kwa hiyo wastani unadanganya. Anasema kweli, na mtu mwadilifu aiongeze hesabu yake. Wati 10 kwa mwezi mzima ni yuniti 7. Tuzidishe maradufu kwa ajili ya vishindo, zifike 14. Mwenye mita ya umeme ya Tukuza nyumbani anajua yuniti 14 zinamfikisha wapi. Paneli moja ya sola ya wati 200, ikipata saa nne na nusu za jua kamili kwa siku na ikapoteza robo njiani, inaleta karibu yuniti 20 kwa mwezi, bila kitu kinachozunguka wala kinachochakaa kwa kuzunguka. Na zile yuniti 14 tumezihesabu kana kwamba kinu kimesimama mahali penye upepo wa mita 4. Je, paa la Mji Mkongwe ni mahali hapo?

Hapa ndipo historia inapogeuka kumshitaki aliyeileta. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa Unguja. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi inatoka kusini na kusini mashariki. Zote mbili, kabla ya kufika Malindi au Forodhani, zimekwisha kupita juu ya nchi kavu, zimekatwa na minazi, mikarafuu, mapaa ya mabati ya Ng'ambo na majumba ya Michenzani. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Bandari iliwekwa hapo kwa sababu ni mahali pa kujikinga: maji yenye kina, visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe mbele yake, na mgongo wa kisiwa kizima ukizuia upepo nyuma. Majahazi yalitumia upepo wa bahari kuu kufika, kisha yakatafuta mahali ambapo upepo huo hauyafiki ili yatie nanga, yapakue na kusubiri. Basi anayesema "mji huu ulijengwa na upepo, kwa hiyo una upepo" amechanganya safari na gati. Mji ulijengwa na upepo uliokuwa kwingine, na ukachagua kukaa mahali ambapo upepo umepunguzwa makali.

Tena hilo neno kusubiri lisipitwe haraka. Jahazi lilikuwa na tanga la mita za mraba makumi kadhaa, na bado nahodha wake alipanga mwaka mzima kwa kufuata upepo: akija na kaskazi, anakaa miezi mpaka kusi itulie kiasi cha kusafirika. Biashara ya Zanzibar ilikuwa biashara ya watu wenye subira. Friji ya samaki haina subira hiyo, wala simu, wala mashine ya kupumulia ya mgonjwa. Anayetaka umeme wa kila usiku kutokana na upepo wa msimu anaomba kitu ambacho hata mabaharia, waliokuwa na tanga kubwa mara hamsini ya duara la kinu chake, hawakuthubutu kukiomba.

Ukitoka kwenye ramani ukapanda juu ya paa lenyewe, mambo yanazidi kuharibika. Upepo unaogonga ukuta wa nyumba ya ghorofa tatu hauendelei mbele kwa adabu. Unapanda, unajikunja, unarudi nyuma, unaacha mifuko ya utulivu na vimbunga vidogo visivyo na mwelekeo. Kinu kinageuza uso huku na huku kama kuku aliyepotea njia, na kila kinapogeuka kinapoteza mwendo uliokuwa unakaribia kuvuka volti za betri. Kanuni ya mafundi wa vinu ni kwamba mapanga yasimame angalau mita 9 juu ya kila kitu kilichoko ndani ya mita 150. Ndani ya mita 150 za nyumba yoyote ya Hurumzi au Kiponda kuna mapaa mengi, minara na matangi. Huko Uingereza, nchi yenye upepo kuliko nyingi, jambo hili lilipimwa: vinu 26 vilivyofungwa juu ya majengo vilifuatiliwa katika majaribio ya Warwick, na ripoti iliyotoka mwaka 2009 ilionesha wastani wa wati-saa 214 kwa kinu kwa siku, kama moja ya tano ya yuniti. Hata zilipoondolewa siku ambazo vinu vilizimwa, wastani ulifika 628 tu. Vilivyokuwa na nafasi nzuri zaidi ni vile vya juu ya maghorofa marefu, na baadhi yake vilizimwa kwa sababu wakazi walilalamikia kelele.

Kelele ni mtetemo, na mtetemo unatuleta kwenye ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, kwa kuwa boriti haizidi urefu wa mkoko wenyewe. Ukuta wa namna hiyo unabeba uzito mkubwa ukitulia, lakini haupendi kutikiswa. Ukifunga mlingoti wenye kinu kinachozunguka mara mamia kwa dakika, umemfunga fundi anayegonga nyundo ndogo usiku na mchana kwenye chokaa iliyokwisha kulowa masika mengi. Mji huu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililokuwa la kwanza kuwashwa taa za umeme mjini, iliporomoka Desemba 2020. Kuta hazihitaji mzigo mwingine. Na asiyeamini kwamba upepo wa pwani hii unaweza kupita kiasi akumbuke tufani ya Aprili 1872, iliyoangamiza merikebu za Sultani Sayyid Barghash na kung'oa minazi na mikarafuu ya Unguja, au kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Mlingoti uliofungwa kwa ajili ya upepo wa mita 4 ndio utakaokutana na upepo wa mita 40.

Pingamizi lenye nguvu zaidi bado halijajibiwa: jua linazama, upepo hauzami, basi kinu kiwe mwenzi wa sola, kimoja kikichoka kingine kinashika zamu. Kwenye nchi nyingi hoja hii inasimama. Huku Unguja inagongana na kalenda. Mvua kubwa za masika zinashuka kati ya Machi na Mei, wakati kaskazi inakufa na kusi haijajipanga. Vuli zinakuja kati ya Oktoba na Desemba, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijafika. Majira hayo ya katikati mabaharia wanayajua kwa jina la tanga mbili, kwa sababu upepo hauna msimamo. Maana yake ni kwamba wingu zito na upepo dhaifu huelekea kuja pamoja, na mwenzi aliyeajiriwa kushika zamu ya masika naye huomba ruhusa masika hayo hayo. Kuhusu usiku, betri ndiyo kazi yake hiyo: kubeba jua la mchana mpaka alfajiri. Fedha ambazo zingenunua kinu, mlingoti na waya zikinunua paneli ya pili na betri ya pili, usiku unakuwa mfupi zaidi.

Wengine watanielekeza Paje, ambako watalii wanavutwa juu ya maji na tiara zao, na wengine Kenya, ambako mradi wa Ziwa Turkana una vinu 365 na megawati 310. Mifano yote miwili ni ya kweli na yote miwili inanisaidia. Paje iko mashariki, uso kwa uso na bahari; tiara yake ina mita za mraba kama 10 na inapaa juu kabisa ya minazi, na mwenyewe akiona upepo umelala anakwenda kunywa madafu. Kinu cha Turkana kina duara la kipenyo cha mita 52, karibu mara 1,900 ya duara la kinu chetu, na kimesimama katika kaunti ya Marsabit, mahali ambako milima inaubana upepo hadi unakimbia. Hivyo ni vitu vilivyokwenda kuutafuta upepo ulipo. Paa la Shangani linataka upepo uje kulitafuta lenyewe.

Kimebaki kimbilio la ufundi: ongeza mizunguko ya koili, volti zitafika mapema hata kwenye upepo mdogo. Zitafika. Lakini waya mrefu zaidi kwenye nafasi ile ile ni waya mwembamba zaidi, na mwembamba hukataa kupitisha ampia upepo ukizidi. Umehama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Chombo cha kupandisha volti nacho hakizai nguvu, kinabadilisha sura yake na kukata ushuru. Vinu vya kusimama wima, vinavyosifiwa kwamba havijali upepo umetoka wapi, vinafuata mchemraba ule ule. Na njiani kuna wizi mwingine usioonekana: kutoka paani hadi chumba cha chini ni mita 20, kwenda na kurudi 40, waya wa milimita za mraba 2.5 ukibeba ampia 20 unapoteza karibu volti 6, yaani wati zaidi ya 100 zinazopasha ukuta joto. Hasara hiyo inakuja siku ile ile adimu ambayo upepo umekuwa mkarimu. Siku hiyo hiyo betri ikijaa, kontrola ya sola ya kawaida hufunga mlango, kama inavyofanya kwa paneli bila madhara. Paneli iliyofungiwa inatulia. Kinu kilichofungiwa kinaachiliwa mbio, volti zinapaa, na zile 26 zilizopendeza kwenye mita zinakuwa 60 au zaidi za kuunguza vifaa. Kinu kinahitaji kontrola yake yenye mahali pa kumwagia umeme uliozidi, na hiyo ni gharama ambayo mara nyingi haitajwi kwenye maelewano ya bei.

Sikatai upepo wa Unguja. Michamvi, Jambiani, Makunduchi, ufukweni pasipo na minazi mbele, juu ya mlingoti mrefu wenye kamba zake, kwa mfumo wa volti 24 au 48 badala ya 12 ili waya usile nusu, na baada ya kipimaupepo kukaa hapo mwaka mzima kikipita kaskazi, kusi na tanga mbili zote, kinu kinaweza kupata kazi ya kweli. Ninachokataa ni kuuziwa namba. Kwa hiyo mnunuzi asiulize kinu kinatoa volti ngapi, swali ambalo kila kinu hulijibu kwa mbwembwe. Aulize: katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, betri ikiwa imeunganishwa, mita ya kubana waya itasoma ampia ngapi, na kwa mwezi ni yuniti ngapi? Akijibiwa, achukue kalamu agawe bei kwa yuniti hizo, kisha aifanye hesabu hiyo hiyo kwa paneli ya sola iliyoegemea ukuta kando yake dukani. Asipojibiwa, amejibiwa.